Chupa Yenye Herufi A

Nahumu alikuwa na wivu, na tuseme ukweli mapema, wivu huo aliutengeneza mwenyewe kwa mdomo wake.

Mkewe, Hulda, alihamishiwa ofisi moja ya Njombe mwezi wa tano, masjala, kwenye mafaili. Wao wanakaa Makambako, pale Lyamkena, na basi la kwanza la Njombe halimsubiri mtu apulize mkaa. Ule uji wa ulezi aliozoea kupika alfajiri ukakosa mpishi. Ndipo kazini wakamfundisha kulaza oti, zile nafaka bapa za pakiti. Jioni unachukua chupa yenye mdomo mpana, unatia oti, maziwa, kijiko cha kakao, asali kidogo na ndizi iliyokatwa, unakoroga, unafunika. Kufika asubuhi oti zimekunywa maziwa yote, zimelainika, zina ladha ya chokoleti, na hakuna aliyewasha moto. Friji hawakuwa nayo, lakini Makambako ya mwezi wa sita haihitaji friji. Hulda aliziweka chupa mbili dirishani, moja yake, moja ya mume; binti yao Erica alikuwa shule ya bweni.

Asubuhi ya kwanza Nahumu alifungua chupa yake, akachungulia, akatumbukiza kijiko, akakitoa bila kukipeleka mdomoni.

"Mama Erica, hiki kimelala," alisema. "Hiki ni kiporo. Kwetu Matamba kiporo cha baridi anapewa mbwa."

Hulda alimtazama, akafunika chupa, akaitia kwenye mkoba pamoja na yake, akaenda zake kuwahi basi. Hakununa wala hakurudia habari hiyo. Nahumu akajiona ameshinda. Tangu siku hiyo akawa anakunywa chai na chapati kwa Mama Rejoice, jirani na kibanda chake cha mbao, na nyumbani kila jioni chupa ziliendelea kuwa mbili. Alidhani ya pili mkewe anaila mchana. Hakuuliza. Mtu aliyeshinda anauliza nini?

Wiki ya tatu, jioni moja, Hulda alikuwa uani anaanua nguo na simu yake iko mezani. Ikalia, ikawaka. Nahumu hakuwa na tabia ya kusoma simu ya mkewe, ila macho hayana mlango. Jina lilikuwa Anderson Masjala, na ujumbe ulisema: "Dada Hulda, kesho usisahau kunilazia. Kakao ongeza kidogo. Asante ya leo."

Kunilazia. Nahumu alilirudia neno hilo mpaka likapoteza maana, kisha likaja na maana nyingine mbaya. Alipotulia alielewa kuwa ni oti tu. Hapo ndipo moyo ulipomuuma sawasawa, maana kwa oti hakuwa na la kulalamika, na bado alitaka kulalamika. Mwanamume mwingine alikuwa anafungua kinywa kwa mkono wa mke wake. Na anachagua kipimo cha kakao.

Alimwangalia Hulda akipanga chupa. Chupa ya kwanza alitia kakao kijiko kimoja. Ya pili alitia kimoja, akafikiri, akaongeza nusu. Akakata utepe wa karatasi, akaandika herufi A, akaubandika.

"Hiyo A ni nini?" Nahumu aliuliza, sauti akiilazimisha iwe ya kawaida.

"Ni ya Anderson wa kazini. Anapenda kakao nyingi, zisije zikachanganyika."

Alijibu bila kugeuka. Angegugumiza, angeshtuka, Nahumu angepata pa kuanzia. Lakini mtu anayejibu hivyo utamkamata wapi? Nahumu akaenda kulala na hasira yake yote haijatumika.

Kesho yake alifunga kibanda akapanda basi kwenda Njombe. Alijiambia anakwenda kuonana na mteja wa mbao. Mteja huyo hakuwapo duniani.

Masjala aliikuta mwisho wa korido. Hulda alikuwa ameitwa chumba kingine na mafaili. Mezani karibu na dirisha alikaa mwanamume wa umri wa Nahumu, sweta safi, ndevu zimechongwa, ameshika chupa yenye herufi A anakwangua chini yake. Kijiko alichoshika kilikuwa na ua kwenye mpini. Nahumu alikitambua mara moja. Kilitoka kwenye seti waliyopewa siku ya harusi na kwaya ya usharika, na nyumbani alikuwa amekitafuta wiki nzima.

Alikuwa ameandaa maneno tangu kwenye basi, na yote yalikuwa makali. Yule bwana akamwahi.

"Wewe ni shemeji," alisema akisimama. "Nakufahamu kwa ile picha mezani kwa dada. Nakusalimu, kamwene, karibu sana. Mimi ndiye Anderson, ninayekula riziki yako." Akacheka, kisha akaacha kucheka kwa adabu. "Pole na tumbo, shemeji."

"Tumbo?"

"Dada alituambia. Kwamba ulizipenda sana hizi oti, ila daktari amekukataza vya baridi. Siku ile alikuja na chupa mbili, macho mekundu, tukamuuliza. Tulikuhurumia."

Masjala nzima ilimfahamu kama mume mwema mwenye tumbo bovu. Neno kiporo halikuwa limefika Njombe. Mkewe alilimeza njiani, peke yake, kwenye kiti cha basi.

"Linaendelea vizuri," alisema. "Tumbo."

Anderson alikwenda bombani kwenye korido, akaosha chupa, akaosha na kijiko, akavikausha kwa leso yake. Akaviweka mezani kwa Hulda, chupa imefunikwa vizuri. Nahumu alitazama yote hayo, na wivu wake, badala ya kupungua, ukaongezeka. Sasa alimwonea wivu mtu kwa kuosha chupa.

Hakumsubiri Hulda. Jioni, mkewe alipotoa maziwa, alimsogelea.

"Leo nilazie na mimi, Mama Erica."

"Na tumbo?" aliuliza Hulda, na sasa aligeuka; bila shaka Anderson alimsimulia ugeni wa mchana.

"Limepona."

Hulda alifungua pakiti ya oti. "Chupa ni mbili tu," alisema. "Chupa nyingine tupu za asali hatuna."

Asubuhi Nahumu alipoamka, mkewe alikwishaondoka. Dirishani ilibaki chupa moja, ile yenye herufi A, na kando yake kijiko chenye ua. Alikula amesimama. Baridi ilimpanda kwenye meno, lakini oti zilikuwa laini na tamu, na hilo lilimkera kidogo. Kakao ilikuwa kijiko kimoja na nusu, vilevile anavyopenda Anderson.

Alimaliza. Akaosha chupa kwa maji ya baridi, akaikausha, akapiga simu. Nyuma ya sauti ya Hulda ulisikika mngurumo wa basi.

"Asante," alisema Nahumu.

"Umesemaje? Sikusikii vizuri."

"Nimesema asante, Mama Erica. Nimekula, nimeosha na chupa." Akaitazama ile herufi A. "Ila kesho punguza kakao."