Ripoti Aliyoifunga Komeo

Wenzake kazini walimbandika jina la Komeo, naye akalipokea kwa mikono miwili. Kazi yake ilikuwa kupokea ripoti za hitilafu za lugha moja ya programu, hasa upande wa maktaba ya msingi, yaani akiba ya amri zilizoandikwa tayari, unaoshughulika na faili: kuzifungua, kuziandika, kuzihamisha. Watu wa kila pembe walimwandikia malalamiko, naye alisoma mistari miwili, akacheka puani, akaifunga ripoti kama isiyo na kosa. Sheria yao ilikuwa kwamba anayeripoti alete programu fupi ya mfano, inayokosea kila inapoendeshwa. Sheria nzuri, maana wako walalamishi wasiojua hata wanacholalamikia. Ila mikononi mwa Komeo sheria ile iligeuka rungu.

Rungu lilimwangukia mwanamke mmoja, fundi wa kompyuta aliyetunza picha za eksirei hospitalini. Aliandika kwa adabu kwamba amri ya kuhamisha faili inadanganya. Diski inayopokea ikikaribia kujaa, alisema, amri hunakili, haisikilizi diski inapokataa mwishoni wakati wa kufunga faili, inafuta faili ya asili, kisha inatangaza kwamba imefaulu. Ni sawa na mtu anayemimina maji mtungini bila kuangalia kama yanaingia au yanamwagika, halafu huyoo, anaenda kuosha ndoo. Mfano wa kukosea kila mara hakuwa nao, kwa sababu kosa lenyewe hujitokeza na kujificha. "Picha za wagonjwa zimepotea," aliandika. "Naomba mtazame."

Komeo akamjibu mbele ya kadamnasi: "Dada yangu, diski ikijaa tafuta nyingine. Maktaba hii si yaya wa mtu. Bila mfano hakuna kosa. Nimefunga."

Wenzake wakamwagia vikatuni vya kucheka. Fundi akarudi tena, safari hii akiutaja mpaka mstari wa msimbo wa amri ile wenye kasoro. Komeo hakuusoma. Alimzuia asiandike tena, akaenda kula chakula cha mchana, na chakula kikapanda.

Nyumbani alikuwa na baba aliyepofuka na dada mkubwa aliyemtunza mzee huyo. Mama yao alikuwa amefariki, ila sauti yake ilibaki kwenye simu ya dada huyo: jumbe za kumkumbusha sukari, za kumsengenya jirani, za kumwombea safari njema. Kila alasiri dada alimwekea baba simu sikioni, na mzee akamjibu marehemu kana kwamba yuko jikoni. Hicho tu ndicho kilichokuwa kimebaki cha kumwamsha kitandani. Sasa simu ilikuwa imeanza kuzimika yenyewe.

"Mdogo wangu, wewe ndiye unayejua haya mambo," dada alisema. "Niwekee kwenye flashi ya redio ya baba. Mimi nikigusa nitaharibu."

"Lete. Hiyo ni kama kumsukuma mlevi."

Angeweza kunakili, asikilize, ndipo afute. Ndivyo afanyavyo mwenye hofu, na Komeo hofu hakuwa nayo. Aliandika programu ya mistari michache kwa lugha ile ile, akatumia amri ile ile ya kuhamisha, flashi ikiwa imeshiba nyimbo za mzee hadi kooni. Kompyuta ikasema imefaulu. Akamrudishia dada simu na flashi bila kufungua hata faili moja.

Alasiri dada akachomeka flashi redioni. Kimya. Baba akasogeza sikio.

"Mbona mama yenu hasemi?"

Komeo akaichukua flashi, akajifungia chumbani nayo. Majina ya faili yalikuwepo yote, yamejipanga vizuri, na ndani hamna kitu. Simu nayo tupu. Alijaribu kila ujanja wa kuzifufua, mpaka simu yenyewe ikakata roho mkononi mwake. Hapo maneno ya yule fundi yakamrudia moja moja, kama mtu anayesomewa mashtaka. Alilia, tuseme ukweli. Kisha akanawa uso, kwa maana aliogopa kuaibika kuliko alivyoona aibu.

"Zilishafutika," aliwaambia sebuleni. "Ulibonyeza kitu kabla ya kunipa."

"Sikubonyeza," dada akasema. "Jana tu tumezisikiliza na baba."

"Basi nionyeshe hata moja iliyokuwa nzima uliponipa."

Dada akaitazama simu iliyokufa.

"Si mwenyewe ulisema ukigusa unaharibu?"

Mzee aliipapasa redio kwa kiganja. "Nilikukabidhi sauti tu, mwanangu," alimwambia binti yake. "Sauti tu. Ule ufunguo wa kabati la mama yako unaoutunza, mpe mdogo wako." Dada akaenda kuuleta, akaweka mkononi mwa Komeo.

Kesho yake kazini Komeo alirekebisha ule mstari alioutaja fundi. Kwenye maelezo aliandika kwamba kasoro aliigundua mwenyewe wakati wa ukaguzi wa kawaida. Wenzake wakampongeza kwa jicho lake kali. Fundi wa eksirei aliyaona yote hayo, lakini pa kuandikia hakuwa napo.

Jioni dada alimgongea mlango taratibu. Macho yalikuwa yamevimba, na ile simu mfu alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Sijaja kubishana," alisema. "Nimefikiri sana, huenda kweli nilibonyeza. Nionyeshe tu ni wapi, nisije nikarudia."

Komeo akamtazama. Alikuwa bado na nafasi ya kusema. Akanyoosha kidole, akagusa kona ya kioo cheusi.

"Hapa," akasema.

Dada akapaangalia vizuri, ili apakumbuke, akamshukuru.