Mwali Aliyesimama

Mjomba Hashimu alishuka kutoka Mgeta, milimani, na lori la kabichi, na alipoingia ofisini kwa Mwalimu Stella buti zake zilikuwa bado na udongo mwekundu. Mkononi alikuwa na mfuko wa njegere. Hakuna aliyempokea. Akauweka chini, katikati ya miguu yake, akakaa ukingoni mwa kiti.

Mwanvita, mpwa wake, aliutazama ule udongo sakafuni. Ni yeye aliyesababisha mjomba aitwe.

Juzi yake, Mwalimu Stella, mwalimu wa ushauri nasaha, alikuwa ametoka semina. Huko walielezwa kwamba vijana wa milimani wamepitia machungu mengi ya utotoni kuliko wa mjini, naye alitaka kuwasaidia wa kwake. Akauliza darasani, "Nani amewahi kufungiwa chumbani, asitoke kwa siku nyingi? Asimame. Msiogope."

Mwanvita akasimama upesi, tena kwa fahari kidogo. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, kama mama yake na bibi yake walivyokuwa, kisha akatolewa kwa ngoma na khanga mpya. Alidhani wasichana wote watasimama.

Hakusimama mwingine.

"Kumbe dada katoka jela!" Faraja akasema nyuma yake. "Mgeta wanafuga watu kama sungura!"

Darasa likaangua kicheko. Baadaye ofisini, mwalimu alipomshika mkono na kumuuliza nani alimfungia, Mwanvita aliona haya kueleza habari za mwali mbele ya mwanamke wa Moshi mwenye kompyuta mezani. Akajibu tu, "Mjomba," kwa kuwa ni nyumbani kwake alikowekwa ndani. Mwalimu alikuwa amesikia kwamba hapati usingizi na kwamba hulia chooni, akamuuliza kama ni kwa sababu ya hilo. Akakubali, ili aachwe aende zake.

Sasa mjomba alikuwa hapa, na Mama mdogo Pili, ambaye Mwanvita aliishi kwake Bigwa, amekaa pembeni na mkoba mapajani.

"Mzee wangu," Mwalimu Stella alisema, "jambo hili inabidi nilipeleke ustawi wa jamii. Mtoto anasema ulimfungia ndani."

Mjomba akamgeukia Mwanvita. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Mpwa wangu, nilikukosea?"

"Nilikwambia, kaka," Pili akadakia. "Mambo ya kizamani hayo. Mimi kwangu anakula, analala, anasoma. Ana shida gani?"

Mwanvita alihisi masikio yanawaka. Angenyamaza, mjomba angeondoka hapa na jina la mtesaji.

"Mjomba hajanikosea," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa mwali. Bibi alikuwa analala na mimi. Binamu zangu walikuja dirishani kuniimbia na kunitania. Sikuwa mpweke."

Mwalimu Stella aliacha kuandika. "Sasa usingizi ulianza kukupotea lini?"

Mwanvita alijua jibu litamwangukia nani. Alijua pia kwamba usiku wa leo hakuwa na pengine pa kulala hapa mjini. Akazikazia macho buti za mjomba.

"Tangu nije Bigwa. Nalala stoo. Nakula jikoni, wenzangu wakishamaliza. Wageni wakija, mama mdogo anawaambia mimi ni dada wa kazi."

"Wewe Mwanvita! Mbele ya mwalimu?"

Mjomba akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani. "Pili. Mtoto wa dada yako? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama; huyo ni wako kabla hajawa wa baba yake."

Pili alifungua mkoba, akaufunga. Uso ulikuwa umemshuka kwa aibu, na Mwanvita, badala ya kufurahi, alitamani kumfunika kwa khanga.

"Samahani, mzee," Mwalimu Stella alisema hatimaye, naye macho chini. "Niliuliza vibaya. Jumamosi nitakuja Bigwa, mama, tuzungumze nyumbani."

Pili alisimama, akainama, akauokota mfuko wa njegere mwenyewe, akatoka. Uwanjani akina Faraja walikuwa wanachungulia. Mjomba alimgusa Mwanvita begani. "Mfuate."

Akamfuata, kichwa chini, bila kujua anafuata nini. Getini Pili alisimama. Hakugeuka. Lakini alimsubiri Mwanvita amfikie.