Alama ya Tisa

Walimwita Bi Kijiti kwa sababu ya kile kijiti chenye alama alichopewa na watu wa mgodi wa makaa. Kila Jumatatu alitakiwa kushuka bondeni, akichovye kwenye kisima cha kupimia, aone maji yamefika alama ya ngapi, aandike daftarini, ijulikane kama uchimbaji unayapunguza. Kisima chenyewe kilifunikwa, hakuna mwingine aliyekigusa. Wanakijiji ndio waliomchagua. "Mwanangu ana macho, na hana maneno mengi," shangazi yake alijisifu.

Mwanzoni alishuka. Mvua zikaja, njia ikawa utelezi mtupu, na kila akipima ni tisa, tisa. Jumatatu moja akaandika tisa jikoni kwake huku akimenya viazi. Hakuna aliyemuuliza. Uvivu ukikaribishwa kiti, huomba na godoro. Wiki saba zikapita hivyo.

Huku chini ya ardhi, wachimbaji walikuwa wameshafika chini ya bonde. Ardhi ikatitia, ikafanya nyufa za kuingia mkono. Mboga za shangazi zikanyauka.

Wanakijiji wakaulaumu mgodi, mkutano ukafanyika darasani. Injinia wa mgodi akainua daftari mbele ya ofisa wa maji. "Tisa mpaka juzi. Maji yapo. Mboga zimeunguzwa na jua. Na sisemi mimi, anasema mtoto wenu."

Shangazi akasimama taratibu. "Kama daftari la mwanangu linasema hivyo, basi labda macho yangu ndiyo mabovu. Uzee huu."

Akaketi. Bi Kijiti akahisi masikio yanawaka moto. Angetukanwa, angevumilia.

"Shangazi, macho yako mazima. Mimi sikushuka."

"Hukushuka wapi?"

"Bondeni. Wiki saba. Hizo tisa niliziandikia jikoni."

"Kumbe kisima kiko kwenye sufuria!" mtu akapaza sauti nyuma. Darasa zima likacheka, isipokuwa shangazi.

Ofisa akafunga daftari. "Hili halimsaidii mtu tena. Kesho tunapima mbele ya wote. Mpaka hapo, marufuku kuchimba chini ya bonde."

Asubuhi wakashuka wote. Bi Kijiti alitaka kumpa mwingine kijiti, shangazi akamzuia. "Shika wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Akakizamisha mpaka kikagota. Kikatoka kikavu, ncha ina vumbi.

"Soma," shangazi akasema.

"Hamna kitu."

"Kwa sauti, wakusikie na wa nyuma."

Akasema kwa sauti. Hapo ofisa akatoa kalamu. "Na maji yaliondoka wiki gani? Nikijua wiki, nitajua wachimbaji walikuwa wamefika wapi."

Watu wote wakamgeukia Bi Kijiti, hata injinia. Hakuna mwingine wa kuulizwa. Akatazama kijiti, akatazama nyufa, akarudi kutazama kijiti.

"Sijui," akasema, na safari hii hakungoja kuambiwa apaze sauti.