Mweka Hazina wa Sendofu ya Sabrina

Mudrick alinishtaki kwa kumchafulia jina. Nilipopokea wito wa mahakama nilicheka mpaka jirani wa ofisi akaja kuuliza kuna nini. Jina lipi? Mtu anayevaa suti ya vipande vitatu katikati ya jua la Dodoma, akiwaambia walimu wanaokaribia kustaafu kwamba hela lazima ifanye kazi, wakati yeye mwenyewe kazi hajawahi kuifanya.

Namjua kwa sababu tulikuwa washirika. Tulifungua pamoja ofisi ya ushauri wa fedha pale Makole, tukiwaelekeza watumishi wa serikali mahali pa kuweka kiinua mgongo. Tulipogombana, kila mtu akashika njia yake. Yeye alibaki na kiyoyozi, mimi nikabaki na wateja, na hilo lilimnyima usingizi.

Maneno yenyewe niliyasema Chang'ombe, uani kwa Mwamvua, kwenye kikao cha kuandaa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Sabrina kabla ya harusi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Zaidi, mstaafu mtaratibu wa Kondoa. Mimi aliniteua katibu. Ilipofika zamu ya mweka hazina, akamtaja Mudrick, watu wakapiga makofi. Mudrick akasimama, akafunga kifungo cha koti, akashukuru utadhani ameteuliwa waziri. Uvumilivu ukanishinda.

"Mkimkabidhi huyu michango," nikasema, "Sabrina ataagwa kwa chai ya rangi. Waulizeni wastaafu aliowauzia shamba la zabibu kule Zuzu, hilo shamba liko wapi?"

Uani kukawa kicheko kitupu. Mzee Zaidi akagonga meza, akasema tuendelee na mapambo. Mudrick akabaki na cheo chake.

Baadaye wakili wake, Henry, akaniandikia: niombe radhi mbele ya kamati ileile, la sivyo tukutane mahakamani. Kuomba radhi kungenimaliza. Mwalimu Munira na wenzake walikuwa wanastaafu mwaka huo na walishaniahidi kwamba mafao yao watayaweka nitakapowaelekeza. Katika kazi hii huna bidhaa nyingine zaidi ya jina. Nikiomba radhi, mwongo ni mimi. Nikishinda, hakuna wa kunigusa mji huu. Nikakataa, tena nikamwalika Munira na wenzake waje kusikiliza. Wakili sikuweka. Niliona kumwekea Mudrick wakili ni kumpa heshima asiyostahili.

Shahidi wao mkuu alikuwa Mzee Zaidi mwenyewe. Henry akamuuliza kama nilisema maneno yale. Akakubali. Watu walisikia? Walisikia, na walicheka. Henry akakaa, amejaa majivuno tele. Mudrick naye akatikisa kichwa kwa huzuni, ile huzuni yake ya kwenye semina.

Nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Brightness."

"Kabla sijasema maneno yale, ulikuwa unamwamini Mudrick?"

"Hapana."

Mudrick akainua kichwa. Nami, kwa raha zangu, nikaendelea.

"Basi kwa nini ulimteua mweka hazina?"

Mzee akanitazama kwa huruma. "Mama, si unajua mambo ya kamati? Mtu mgumu kutoa mchango tunampa cheo. Akishasimama akashukuru mbele za watu, ataona aibu asipotoa. Fedha zenyewe zilikuwa zinaingia kwenye simu ya Rukia, mdogo wake Mwamvua, tangu kikao cha kwanza."

Hakimu akaweka kalamu chini. Watu wakaziba midomo. Mudrick peke yake ndiye aliyekuwa hajui. Masikini, alikuwa ameshachongesha mhuri wa mweka hazina. Nilimtazama akiloa jasho ndani ya suti yake na moyo wangu ukaburudika kabisa.

Heri ningeishia hapo. Kesi ilikuwa imekwisha, maana jina alilodai limechafuka halikuwapo. Lakini Munira alikuwa ameketi benchi la pili, na nilitaka aondoke na neno zuri juu yangu, litoke kinywani mwa mtu mzima anayeheshimika.

"Na mimi, mzee, uliyeniteua katibu? Ieleze mahakama, kamati ilinionaje?"

"Naomba nisijibu hilo, mama."

Alikuwa ananisitiri. Nikadhani anaona haya kunisifia.

"Jibu tu, mzee wangu."

Hakimu akamwambia ajibu. Mzee Zaidi akavua kofia yake, akaishika mkononi.

"Na wewe ulikuwa mgumu kutoa," akasema. Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. "Halafu mimi ni mmoja wa wale wa Zuzu. Mudrick alizungumza vizuri, ni kweli. Lakini aliyenipakia kwenye gari lake, akanipitisha katikati ya mizabibu ya mtu mwingine na kuniambia nichague mistari yangu, ni wewe. Nilikuamini kuliko yeye. Ndiyo maana nikatoa kiinua mgongo changu."

Nikamwambia hakimu nimemaliza, nikaketi.

Nje, Munira akanishika mkono. Miaka yote amekuwa akiniita mama Brightness. Siku ile akasema, "Hongera, madam. Nitakupigia." Akaondoka na wenzake, na hakuna aliyegeuka nyuma.

Siku ya hukumu hawakuja. Dai la Mudrick likatupwa, hakimu akisema haoni hadhi iliyoshuka. Nilishinda. Nilisimama kwenye korido nimeshinda, simu mkononi, na haikulia.

Mudrick akaja, tai imelegea, ananuka yale manukato yake.

"Mshirika," akasema, na miaka ilikuwa imepita tangu aniite hivyo, "yule mzee amekuharibia sana. Ukiamua kumshtaki kwa kashfa, mimi nitakuwa shahidi wako. Nitasema ulikuwa mtu safi."

Nilimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu vyake vya ncha. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yeye dakika ile. Nikapitia moyoni watu wote wa Dodoma, mmoja mmoja, nikimtafuta mwingine wa kusema hivyo kwa ajili yangu, nikamkosa.

"Ijumaa una nafasi?" nikamuuliza.