Salamu za Kupeleka Kilwa

Jumatatu asubuhi Natalia alikuwa amechuchumaa barazani kwao Rasbura, mjini Lindi, akifunga furushi lake: magauni mawili, sare ya uuguzi, sahani ya bati, unga wa muhogo na barua ya ajira. Barua ilimtaka aripoti kituo cha afya cha Kilwa Masoko Jumatano ya wiki iliyofuata, tarehe tatu Mei. Asipofika siku hiyo, nafasi ingepewa anayemfuata kwenye orodha. Huo ulikuwa mwaka 1995. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kuleta mabasi, na mabasi yakawa mengi kuliko barabara. Masika ilipoanza, barabara iliondoka. Mabasi yalibaki stendi ya Lindi, yamepakwa rangi nzuri. Natalia akaamua kwenda kwa miguu.

Habari zilienea kabla hajakaza fundo la pili, na majirani wakaanza kuleta salamu.

Salamu za kawaida, zile za kusema hatujambo, zina uzito wa embe moja na hukaa vizuri furushini. Za mama mkwe zina pembe. Za mchumba ni za moto, lazima uzifunge kwenye jani la mgomba. Natalia alizipokea zote kwa mikono miwili, akapanga nzito chini na nyepesi juu, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kumwambia mtu hapana.

Wa mwisho alikuja Bi Biasha, jirani wa nyumba ya pili. Za kwake hakuzibeba, alizisukuma kwa mguu. Zilikuwa na ukubwa wa kinu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hizi ni za mdogo wangu Mwanasha, yuko Mnazi Pacha, kule pwani ukishuka kutoka Kiranjeranje. Nimechelewa kidogo kuzituma."

"Umechelewa siku ngapi?"

"Miaka kumi na moja tu."

Walikosana siku ya arobaini ya mama yao, kwa sababu ya mbuzi ya kukunia nazi ambayo marehemu aliiacha. Kila mmoja alisema ni yake. Biasha aliipata kwa kuwa yeye ndiye aliyewahi kukimbia nayo.

"Mwambie mbuzi ya mama aje aichukue," alisema. "Mwambie sina kinyongo. Na umwambie yeye mwenyewe, usimwachie mtu. Watu wa pale wana maneno."

Mama yake Natalia alisaidia kumtwika. "Ukichoka usizitupe njiani," alimwonya. "Zikitupwa zinamrudia mwenyewe zimenuna."

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Natalia alitembea tangu alfajiri mpaka jua lilipopanda, akapumzika, akatembea tena mpaka alasiri, kisha akapiga hodi nyumba yoyote na kulala. Katambuga zake za tairi zilivaa tope, zikawa nzito, na akawa mrefu kidogo kila alipoinuka. Mwenye salamu akipatikana, alimwambia, "Salamu zako kutoka kwa fulani." Mtu akijibu "Zimefika", mzigo unapungua papo hapo.

Alipofika Kitomanga alimpata Andrea, fundi baiskeli, akampa salamu za mama mkwe wake.

"Zimefika," alisema Andrea, macho yakiwa kwenye mnyororo.

Natalia alipapasa furushi. "Pembe mbili zimebaki, kaka."

Mke wa Andrea alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Zimefika! Zimefika kabisa!" alisema Andrea. "Jamani, mwambieni mama namheshimu!"

Pembe zikatoka. Mkewe akampa Natalia bakuli la uji, na salamu nyingine tatu za kupeleka mbele.

Mto Mbwemkuru ulikuwa umefurika, na watu watano walikuwa wamekaa ukingoni kwa siku ya pili wakingoja maji yapungue. Natalia hakungoja. Kwa uzito wa salamu za Bi Biasha maji hayakuweza kumsogeza, kwa hiyo alivuka akitembea chini kabisa, juu ya mchanga, mto ukipita kichwani. Aliibuka ng'ambo, akakamua kanga, akawapungia mkono waliobaki. Nao wakampigia kelele wakimtuma salamu, ila kwa bahati hazikuvuka.

Siku ya sita alishuka kutoka Kiranjeranje kuelekea baharini. Mnazi Pacha hakuikuta. Alikuta uzio wa waya ulioanza kwenye mikoko na kwenda mpaka macho yalipoishia. Ndani yake kulikuwa na minazi na mchanga, na nyumba hapakuwa na hata moja. Getini alikaa mlinzi aliyevaa sare iliyomzidi, jina lake Sixbert.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri, dada. Karibu sana. Ila humu huingii."

"Namtafuta Bi Mwanasha."

"Amehamishwa. Wote wamehamishwa. Patajengwa hoteli."

"Lini?"

"Hilo hawaniambii. Mimi nimeambiwa uzio tu."

Pembeni ya geti, chini ya kibanda cha makuti, palikuwa na lundo la salamu. Wapita njia walikuwa wameziacha hapo. Zile za chini zilikuwa zimelainika kama ndizi zilizopitiliza.

"Meneja aliniagiza nizichome," Sixbert alisema. "Nilijaribu. Haziungui, zinanung'unika. Basi mvua ikinyesha nazifunika. Na zako ziweke hapo, dada, zitapata wenzao."

Natalia alilitazama lundo. Shingo ilimuuma. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimeambiwa nimwambie mwenyewe."

"Basi nenda Kikole. Walipelekwa na malori, nasikia walishushwa huko."

Jumatatu jioni alifika Nangurukuru, ambako njia inagawanyika. Ya kulia inakwenda Masoko, na kesho yake, Jumanne, angekuwa amefika, akaoga na kupiga pasi sare. Kwenda Kikole kungempeleka bara na kumrudisha Jumatano, siku ya kuripoti, akiwa bado Nangurukuru. Alikaa juu ya gogo, akaitoa barua, akaisoma mara mbili. Hapakuwa na neno lolote ndani yake kuhusu salamu. Asubuhi alijitwika, akapita kushoto.

Kikole aliwakuta watu wa Mnazi Pacha katikati ya mashamba mapya, wakipalilia mahindi kwa majembe ya kugawiwa. Bi Mwanasha alikuwa mwanamke mrefu, mkavu. Mkononi alishika ufito wa kuchokolea pweza, na kwa mazoea aliuchomeka katika kila shimo la panya alilopita.

"Shikamoo bibi. Nina salamu zako kutoka kwa Bi Biasha wa Lindi."

Ufito ukasimama hewani.

"Anasema mbuzi ya mama uende ukaichukue. Hana kinyongo."

"Kasema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Hakuwa na homa?"

"Alikuwa mzima, bibi. Alizisukuma mwenyewe kwa mguu."

"Mwizi mkubwa!" alisema Bi Mwanasha, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Miaka kumi na moja nakuna nazi kwa kopo la kutoboa na msumari! Zimefika. Mungu wangu, zimefika."

Uzito ulitoka mara moja, na Natalia akainuka kutoka ardhini kiasi cha shubiri mbili. Bi Mwanasha alimshika pindo la kanga akamngoja atulie, huku akiendelea kulia na kumtukana dada yake. Jioni hiyo kijiji kizima kilikuja kusikia habari za lile lundo la getini, na asubuhi vijana wakaondoka na mikokoteni miwili kwenda kuchukua salamu zao, wakiimba.

Natalia alipoaga, Bi Mwanasha alimpa salamu za kumpelekea Biasha, ndogo, za kutosha kwenye bahasha. Kisha akampa nyingine. Hizo zilikuwa za mviringo, baridi, zenye unyevu.

"Hizi ni za pwani yangu," alisema. "Huku hakuna hata harufu yake. Nisalimie."

"Bibi, kuna uzio."

"Najua kuna uzio. Kwani mimi nilihamaje?"

Natalia akazitwaa.

Alifika Masoko Alhamisi saa nane mchana, amechelewa siku nzima. Mganga wa kituo, Bwana Evaristo, aliifungua barua yake yenye tope, akaisoma, akafungua na orodha.

"Anayekufuata anatoka Liwale," alisema. "Naye yuko njiani kwa miguu. Amebeba salamu za wilaya nzima, sijui kama atafika kabla ya Krismasi. Nawa mikono, kuna mama anajifungua."

Hivyo ndivyo alivyoanza kazi. Jumapili alizipeleka zile salamu za pwani ufukweni Masoko, akazitua kwenye maji. Bahari ikazirudisha miguuni pake, kwa upole, mara tatu. Hazikuwa zake, zilikuwa za Mnazi Pacha.

Likizo yake ya kwanza alizipeleka mpaka kwenye uzio. Sixbert alikuwa amenenepa kidogo na sare sasa ilimkaa. Hoteli haikuwa imejengwa. Aliuliza ruhusa kwa simu ya upepo, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Wanasema hakuna kuingiza kitu, dada. Hata salamu." Akamwangulia dafu kwenye mnazi wa nje, wakakaa wakalinywa, wakacheka juu ya meneja, na Natalia akarudi nazo.

Sasa zinakaa chumbani kwake, pembeni ya mtungi. Mara mbili kwa siku, bahari inapojaa Mnazi Pacha, salamu hizo hutoa maji ya chumvi mpaka mlangoni, na mara nyingine kaa mmoja au wawili. Joyce, mpangaji mwenzake, huinua miguu kitandani na kuendelea kusuka ukili. Natalia huchukua tambara, hukausha sakafu, huwaweka kaa kwenye ndoo, na kuangalia saa, ili ajue yatajaa tena saa ngapi.