Sauti Aliyoifuata Nobert

Watu wa Bwera hawazitaki filamu za bunduki. Wawekee moja na watakaa dakika kumi, kisha mmoja atakumbuka kuwa ameacha nguo juani, mwingine atakumbuka mgonjwa, na kabla ya nusu saa umebaki na mabenchi yako. Bunduki wameisikia ikilia ng'ambo ya mpaka. Wengine wameikimbia na watoto mgongoni, na hawaoni kwa nini wakae gizani waitazame tena. Lakini wawekee filamu ya upanga, ya wanaume wenye kofia na mabuti marefu wanaoruka dirishani na kuangukia juu ya mkokoteni wa nyasi. Hapo hata mwenye mgonjwa haondoki.

Badiru alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa vijei, yaani yule anayekaa kando ya televisheni na maikrofoni mkononi, akiwafasiria watu maneno ya wazungu papo hapo. Kazi alijifunza mjini Kasese, akaja Bwera kufungua kibanda chake mwenyewe cha mbao na maturubai, jenereta nyuma, spika mbili mbele. Kizungu chenyewe alikijua nusu. Nusu nyingine alijitungia, na hiyo ndiyo watu waliyoifuata.

Kwa nini walipenda upanga? Badiru alikuwa na jibu lake. Katika filamu zile upanga unaingia tumboni na damu haitoki. Askari anatumbukia kisimani, na hakuna mama anayekuja kumuulizia. Shujaa anafungwa minyororo, anatania. Ananing'inizwa juu ya moto, anatania. Na mwishoni watu wote wanakula kuku. Mtu aliyeshinda juma zima akibeba magunia mpakani alihitaji saa mbili za uongo wa namna hiyo, na Badiru hakuona dhambi kumpa.

Tena alikuwa na mtindo wake wa kuwapachika watu wa Bwera ndani ya picha. Askari mnene akianguka farasi, Badiru alipiga kelele, "Muone Umaru wa vitenge, leo tumbo imemuangusha!" na Umaru mwenyewe, aliyekaa benchi la pili, alicheka hadi machozi. Kila mtu alitaka kuanguka walau mara moja. Ushujaa, hata hivyo, Badiru hakumgawia mtu yeyote isipokuwa Nobert.

Nobert alikuwa mbeba magunia wa pale mpakani Mpondwe, mwenye miaka ishirini na sita, kofia nyekundu kichwani mvua ije jua lije. Alikuwa na tabia ya kuruka kutoka juu ya lori na gunia la kahawa begani, akatua kwa miguu miwili na kuinama kama anayesalimia wakubwa. Kwa hiyo katika filamu moja waliyoipenda kuliko zote, ya shujaa mwenye unyoya kwenye kofia, shujaa akawa Nobert. Kulikuwa na mahali amezingirwa juu ya ukuta wa ngome, maaskari nyuma, mto chini. Anavua kofia, anawapungia, anaruka. Shujaa wa picha husema maneno fulani pale ambayo Badiru hakuwahi kuyaelewa, basi akamtungia yake: "Maji iko ndugu yangu!" Kibanda kizima kiliyasema pamoja naye. Kisha wote walishika pumzi, hadi kichwa kilipoibuka mtoni kikicheka, kofia mahali pake, unyoya haujalowa.

Mwezi wa tano mvua ikanyesha milimani siku nne mfululizo, na mto Lhubiriha ukaja mwekundu, umebeba magogo. Jumanne mchana watu kama hamsini walikuwa darajani wakitazama mbuzi aliyekwama juu ya fungu la mchanga katikati ya maji. Nobert alipanda juu ya ukingo wa daraja. Alikuwa anacheza tu, amesimama kama yule wa kwenye ngome, na watu wakaanza kumcheka. Badiru naye alikuwepo.

Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo Bwera nzima ilikubaliana kulinyamazia bila hata kuitisha mkutano. Waliwaambia polisi kuwa kijana aliteleza akijaribu kumwokoa mbuzi, maji yakamchukua. Ndugu zake kule mlimani Kyondo waliambiwa hivyo hivyo. Watu hamsini, ndimi hamsini, na hakuna hata mmoja uliokosea.

Walitafuta siku sita upande huu na ng'ambo. Mwili haukupatikana.

Jumamosi ya tatu mama yake Nobert akaingia kibandani. Aliitwa Kabugho, mjane mfupi mwenye mikono ya kuchuma kahawa, na alikuwa ameteremka kutoka Kyondo kwa miguu. Alisimama mlangoni mpaka macho yakazoea giza.

"Badiru," alisema, "kule sokoni banasema mutoto yangu iko ndani ya filimu yako. Ni kweli?"

Angeweza kusema hapana. Alilifikiria hilo baadaye mara nyingi, na kila mara lilimuuma upya. Lakini mtu gani angemtazama mama yule na kusema hapana? "Iko, mama," akajibu. "Kaa."

Akaiweka. Kwa woga akamtaja Nobert kama zamani. Watu hawakujua wacheke au waondoke. Shujaa alipoibuka mtoni, Kabugho alijishika kifua akatabasamu, na Badiru akahisi kitu kimemlegea ndani, akadhani ni wema.

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Alimletea Badiru viazi vikuu vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye jani, akakaa benchi la mbele, akatazama mpaka pale mtoni, kisha akaaga na kupanda mlima. Hakuwa amerukwa na akili. "Najua ni picha," alimwambia Badiru siku moja. "Mi si mujinga. Lakini nani aliona mutoto yangu amekufa? Hakuna. Basi hapa ninaona anatoka."

Viazi vile Badiru hakuvila. Chini ya amplifaya, ndani ya mfuko wa karatasi, ilikuwa imelala kofia nyekundu.

Mwishoni mwa mwezi wa sita akaja Yeseri, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Nobert, mzee mkavu asiye na maneno ya kuzunguka. Alikataa kukaa.

"Kahawa yetu inaanguka chini," alisema. "Imeiva, inaoza, na hakuna mutu wa kuichuma. Unajua ni kwa nini?"

Badiru alijua kidogo, Yeseri akamweleza yote. Katika ukoo wao, mtu akiwa msibani hashiki jembe wala hachumi, na msiba haufungwi mpaka kuzikwa. Aliyemezwa na maji na kukosekana huzikwa kwa gogo la mgomba lililovikwa shuka. Lakini gogo haliendi hivi hivi. Lazima kwanza mtu asimame ukingoni amwite marehemu kwa sauti aliyoizoea, ili atoke majini alifuate gogo, na aendelee kumwita njia nzima hadi shimoni, maana akinyamaza njiani, marehemu hurudi mtoni. Anayeita kwa kawaida ni mama.

"Na Kabugho anakataa kuita," Yeseri alisema. "Anasema hawezi kuita mutu ambaye Jumamosi alimuona anacheka. Nyumba tano zinalala njaa mwaka huu juu ya filimu yako. Wewe ndiye unasemaka mule ndani. Basi umuue. Useme amekufa, iishe."

Badiru aliahidi. Usiku na mchana wa siku zile aliyapanga maneno, na Ijumaa akawaza kupanda lori hadi njia panda ya Kikorongo, na kutoka pale lori jingine lolote, liende litakakokwenda. Hakwenda. Alikuwa mwoga hata wa kukimbia.

Jumamosi kibanda kilijaa. Shujaa akazingirwa juu ya ngome. Badiru akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Mabibi na mabwana," alisema, "Nobert anaruka. Maji ni mengi. Maji inamushinda. Nobert amekufa."

Shujaa akaibuka mtoni, kofia mahali pake, anacheka.

Wengine waliguna. Mmoja nyuma akapiga mluzi. Kabugho akageuka taratibu kumtazama vijei, na uso wake ulikuwa mpole kabisa, kama wa mtu anayemsahihisha mtoto.

"Umekosea, Badiru," alisema. "Muangalie. Ule pale."

Badiru akatazama. Yule mzungu alikuwa ameshafika ng'ambo, anakamua mikono ya shati, meno nje. Kwa mara ya kwanza Badiru alimchukia. Alichukia jinsi maji yalivyomtii, alichukia ule unyoya mkavu, na alichukia zaidi kuwa yeye ndiye aliyempa mtu huyu jina la kijana wa watu. Akainuka akaenda nyuma akaizima jenereta. Kibanda kikawa kimya, mwanga wa mchana ukaingia kwenye matundu ya maturubai. Akarudi na mfuko wa karatasi, akapiga magoti mbele ya benchi la kwanza, akaitoa kofia.

"Mama, Nobert hakuteleza," alisema. "Aliruka. Mi nilikuwa pale darajani."

Kabugho aliipokea kofia.

"Alikuwa amesimama anacheza tu. Angeshuka. Nilijua atashuka. Lakini batu balikuwa banacheka, na mi nikaweka mikono mdomoni, nikamutangaza."

"Ulisema nini?"

"Vile tunasemaka hapa ndani."

"Sema."

Badiru alitazama nyuma. Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa, Umaru wa vitenge akiwa wa kwanza. Akayasema kwa sauti ya chini. "Mabibi na mabwana, Nobert juu ya ukuta, mto chini, na Nobert anaogopa nini? Hapana, Nobert haogopi kitu." Akaitazama kofia. "Basi akanigeukia, akavua kofia. Akasema, maji iko ndugu yangu. Akaruka. Tukapiga makofi, mama. Tulipiga makofi muda murefu. Kofia tu ndiyo ilitoka, nikaiokota."

Nje boda boda ilipita, mlio ukafifia.

"Alikuwa anacheka?" Kabugho akauliza.

"Alikuwa anacheka."

Mama yule alishusha pumzi iliyokuwa imekaa ndani yake wiki sita. "Kila siku nilikuwa nawaza kwamba aliogopa," alisema. "Kwamba aliniita." Akaikunja kofia mara mbili, akasimama. "Sikusamehe, Badiru. Usinipigie magoti, inuka. Kesho kutwa asubuhi uje mutoni. Mutoto yangu aliingia kwa sauti yako. Sauti yangu haiijui tena ile njia. Wewe ndiye utamuita atoke."

Jumatatu asubuhi mto ulikuwa umepungua, maji yamerudi kuwa maji. Yeseri na wanaume wa ukoo walikuwa wamekata mgomba, wakaupima kwa kukumbuka kimo cha Nobert, wakauvika shuka jeupe. Kabugho mwenyewe aliivalisha ncha ya juu ile kofia nyekundu. Darajani watu walisimama, wengi kuliko ile Jumanne, mikono mifukoni.

Badiru alisimama kwenye matope. Alifungua mdomo, akaita, "Nobert," kama mtu anayemuita jirani kumuazima jembe.

"Si hivyo," Kabugho alisema nyuma yake. "Muite vile ulimuita."

Akaweka mikono mdomoni. Ikatoka sauti ya kibandani, nene, ya mbwembwe, ileile iliyowachekesha watu miaka mitatu, na yeye mwenyewe ilimtisha. "Mabibi na mabwana! Nobert! Nobert haogopi kitu! Toka, Nobert, twende nyumbani!" Darajani hakuna aliyecheka. Umaru alikuwa analia bila kujifuta.

Yeseri akamtwika gogo begani. Mgomba mbichi una maji mengi. Ni mzito kama mtu, na unalowesha shati. Walishika njia ya Kyondo, wanaume mbele, wanawake nyuma, Badiru katikati akiita. Kila alipovuta pumzi, Kabugho alimgusa mgongoni kwa kidole, naye akaita. Waliipita shule, wakalipita kanisa, wakaanza mlima. Mbwembwe ziliisha mapema. Ikabaki "Nobert, huku," na "Nobert, kuna jiwe hapa," na "Nobert, tunakaribia," maneno ambayo hakuwa ameyapanga. Alipofika kwenye mibuni ya kwanza, matunda yameoza chini yananuka kama pombe, sauti ilikuwa imekuwa mkwaruzo.

Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba. Walilipokea gogo begani mwake, wakalilaza. Ilibaki mara ya mwisho, ya kumwambia amefika.

Badiru alifungua mdomo na haikutoka sauti. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, ikatoka hewa tu. Aliwatazama watu wote wa ukoo ule waliokuwa wakingoja, akatikisa kichwa, machozi yakimtiririka. Kama angenyamaza sasa, kijana angegeuka na kurudi peke yake njia yote ile.

Kabugho akasogea ukingoni mwa shimo. Alisimama kitambo akiitazama ile kofia. Kisha akaita, si kwa nguvu, kama alivyomwita miaka yote jioni chakula kikiwa tayari.

"Nobert. Umefika. Ingia ndani, mwana wangu."

Yeseri akachukua jembe.