Uso Uliokataa Kurudi Ujanani

Mashine ya kusafiria wakati ilikuwa jokofu bovu lililotolewa matumbo, likapakwa rangi ya fedha na kuzungushiwa taa za kupepesa. Dada mtu hakuamini kwamba binadamu aweza kusafiri hata hadi juzi. Alikubali kazi katika filamu hiyo kwa sababu mdogo wake, ambaye wote walimwita Profesa, ndiye aliyeigiza mvumbuzi. Wajibu wa dada ulikuwa kupiga picha kila baada ya onyesho, ili kola iliyosimama asubuhi isije ikalala jioni.

Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Gereji waliyoazima ilikuwa bado haijafagiliwa, na kwa kuwa siku za usoni zilihitaji vumbi, walianza na uzee, wakarukia utu uzima, wakarejea uzeeni. Profesa alipakwa makunyanzi, akaburuta mguu, akalegeza mkono wa kushoto. Mwongozaji aliapa kwamba hajapata kuona mzee akiigizwa namna ile. Kadiri wiki zilivyokwenda, mguu ulizidi kuburutika, na sifa nazo zikazidi.

Siku ya mwisho lilibaki onyesho la kwanza, ambamo mvumbuzi, angali kijana, anaingia ndani ya jokofu. Mpambaji alimfuta makunyanzi. Akafuta tena. Kisha akamvuta dada pembeni na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba rangi imekwisha yote, ila jicho la kushoto bado ni la mzee.

Mwili ulimsisimka dada, jambo ambalo hakulipenda. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akafungua simu. Picha alikuwa amezipanga kwa mfuatano wa hadithi, na humo mdogo wake alizeeka kama alivyotakiwa. Akazipanga upya kwa siku zilizopigwa. Mvi zikaja na kuondoka, ndevu zikaota na kutoweka, lakini kope ya kushoto haikujali hadithi: ilishuka, picha baada ya picha, na pembe ya mdomo ikaifuata. Katika gereji ile kulikuwa na kitu kimoja tu kilichosafiri kweli, nacho hakikujua kurudi.

Alimkuta Profesa mbele ya jokofu, kamera ikiwa tayari.

"Inua mikono yote miwili."

"Dada, hiyo haimo kwenye hadithi."

"Inua, mdogo wangu."

Akainua, huku akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mkono wa kulia ulifika juu. Wa kushoto ulifika kifuani, ukasita, ukashuka, na mwenyewe akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Tangu lini?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mwanzoni nilikuwa naigiza. Halafu nikawa nafika nyumbani, uzee hauvuliki. Naogopa, dada."

Nyuma ya kamera, mwongozaji, ambaye hakusikia neno, alimnong'oneza mshika kamera asizime, kwani hofu ya namna hiyo hawangeipata tena kwa bajeti yao.

"Tunakwenda hospitali," dada alisema. "Sasa hivi."

Aliuzungusha ule mkono shingoni mwake, akamkamata kiuno, wakaelekea kwenye gari. Mguu uliburutika sakafuni hadi mlangoni, na mara hii hakuna aliyeusifu.